Esther Rolle: Mama aliyekataa nyumba isiyo na baba

Mwaka 1973, watayarishaji wa televisheni wa Hollywood walimletea mwanamke mmoja mweusi wa miaka 52 kitu ambacho waigizaji wenzake wengi wangekipokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha wa kila wiki, ulioundwa kwa ajili yake, yeye ndiye mama wa nyumba na jina lake ndilo la mbele. Akautazama, kisha akauliza baba yuko wapi. Baba hakuwemo. Ilikuwa ni mama mweusi na watoto watatu, basi. Akawaambia bila ya mume hafanyi.

Mwanamke huyo ni Esther Rolle, na mchezo wenyewe ni Good Times. Vijana wetu walioko Marekani na Uingereza bila shaka wamewahi kuona vipande vyake kwenye simu, maana mpaka leo vinazunguka. Wengi wanamkumbuka yule kijana mwembamba mwenye kofia anayepiga kelele. Mama yake wanamuona tu kama mama wa jikoni. Lakini mwenye kisa ni yule mama, na kisa chake kinatuhusu sote wenye watoto mbele ya skrini.

Mtoto wa kumi

Esther Rolle alizaliwa tarehe 8 Novemba 1920 katika mji wa Pompano Beach, jimbo la Florida. Wazee wake walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Bahamas, waliovuka bahari kutafuta riziki kama walivyovuka wengi wa watu wetu. Baba yake alikuwa mkulima wa mboga. Nyumba yao ilikuwa na watoto 18, na Esther alikuwa wa 10. Nyumba ya watoto 18 haiendi kwa kubahatisha. Kuna zamu, kuna adabu, kuna mkubwa na mdogo, na kuna baba anayetoka alfajiri na kurudi jioni mgongo ukimuuma. Picha hiyo ya baba ndiyo aliyokua nayo, na ndiyo aliyokwenda nayo Hollywood.

Katika nyumba hiyo hiyo walitoka waigizaji watatu. Dada yake Estelle Evans ndiye aliyecheza Calpurnia, mtumishi wa nyumbani, katika filamu mashuhuri ya To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962. Dada mwingine, Rosanna Carter, naye alikuwa mwigizaji.

Esther alikwenda New York akiwa kijana. Umaarufu haukumjia pale pale. Kwa miaka mingi mchana alifanya kazi kwenye mtaa wa viwanda vya nguo, na wakati uliobaki akasoma na kucheza ngoma. Na ngoma yenyewe ilikuwa ya Kiafrika hasa. Aliingia katika kundi la Asadata Dafora, msanii mzaliwa wa Sierra Leone aliyekuwa amewafungua macho watu wa New York kwa kupandisha jukwaani ngoma na hadithi za Afrika Magharibi, wakati ambapo sinema za Wazungu zilimwonyesha Mwafrika kama mtu wa kuruka ruka tu na mkuki. Mwaka 1960 Esther akawa mkuu wa kundi hilo.

Jukwaa la maigizo aliingia mwaka 1962, umri umeshapita 40. Mwaka 1967 ilipoanzishwa Negro Ensemble Company, kundi la maigizo la watu weusi mjini New York, alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Hapo aliiva. Kwa hiyo Hollywood ilipomgundua haikumpata msichana wa kupangiwa cha kusema. Ilimpata mtu mzima mwenye msimamo wake.

Mtumishi asiyekuwa kinyago

Aliyemgundua ni Norman Lear, mtayarishaji aliyetawala televisheni ya Marekani miaka ya 70. Alimuona jukwaani New York katika mchezo wa Melvin Van Peebles, akamtaka kwa mchezo wake mpya uitwao Maude, ulioanza kuonyeshwa na CBS Septemba 1972. Mwenye nyumba alikuwa Maude, bibi wa Kizungu mwenye maneno mengi, akichezwa na Bea Arthur. Esther alitakiwa awe Florida Evans, mtumishi wa nyumba hiyo.

Mwanzo alisita. Hebu tuelewe kwa nini. Kwa miaka na miaka, mwanamke mweusi kwenye sinema za Marekani kazi yake ilikuwa moja: mtumishi mnene, mcheshi, asiye na nyumba yake wala watoto wake, anayewapenda watoto wa tajiri kuliko nafsi yake. Esther hakuwa na ugomvi na kazi ya utumishi. Mama zetu na dada zetu wangapi wamefanya kazi majumbani mwa watu na kusomesha watoto kwa pesa hiyo? Ugomvi wake ulikuwa na kinyago. Alikubali alipohakikishiwa kwamba Florida atakuwa na akili yake, atajibu, na hatakuwa mtu wa ndiyo bibi, ndiyo bwana.

Na alijibu kweli. Maude akijifanya mwema kupita kiasi mbele ya mtumishi mweusi, ili aonekane hana ubaguzi, Florida humkata kwa neno moja na watu wakavunjika mbavu. Watazamaji walimpenda hadi Lear akaona mtumishi huyu anastahili nyumba yake mwenyewe.

Chicago, ghorofani

Good Times ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Februari 1974. Waandishi wawili weusi, Eric Monte na Mike Evans, ndio walioibuni. Familia ya Evans inaishi Chicago, katika maghorofa yaliyojengwa na serikali kwa watu wa kipato kidogo, majengo ambayo lifti yake leo inakwenda kesho haiendi. Na baba yumo. Esther alishinda.

Baba huyo ni James Evans, na aliyemcheza ni John Amos. Ajabu ni kwamba Amos alikuwa na miaka 34 na Esther 53. Mume alikuwa mdogo kwa mkewe kwa miaka 19, na hakuna mtazamaji aliyeshughulika nalo, namna walivyocheza vizuri. James ni mtu wa kufukuzwa kazi Jumatatu na kutafuta nyingine Jumanne. Anaosha magari, anabeba mizigo, wakati mwingine anashika kazi mbili. Ana hasira za karibu, lakini kila senti anaileta mezani. Haibi, haombi, na watoto wakimsikia anafungua mlango wanakaa vizuri.

Watoto ni watatu. Mkubwa ni James mdogo, aitwaye J.J., mchezaji wake Jimmie Walker. Wa pili ni Thelma, binti anayesoma, akichezwa na BernNadette Stanis. Wa mwisho ni Michael, mtoto mdogo mwenye siasa za watu wazima, akichezwa na Ralph Carter. Jirani Willona, Ja'net DuBois, anaingia bila kubisha hodi, na kila mtu anayesoma hapa ana jirani wa namna hiyo.

Mchezo huu unahesabiwa kuwa wa kwanza wa kuchekesha katika televisheni ya Marekani uliosimama juu ya familia ya watu weusi yenye baba na mama pamoja. Msimu wa 1974 hadi 1975 uliingia katika vipindi 10 vilivyotazamwa zaidi nchini humo. Na haukuwa kicheko kitupu. Kulikuwa na sehemu juu ya presha ya damu, juu ya magenge, juu ya mitihani ya shule iliyotungwa kwa watoto wa Kizungu na kupewa watoto weusi wa ghetto. Mwenye kutaka kucheka alicheka, na mwenye kutaka kufikiri alipata la kufikiri.

Kicheko kinapopanda bei

Sasa hapa ndipo maji yalipozidi unga.

Michezo ya aina hii ilirekodiwa mbele ya watu. Watazamaji wanakaa kwenye viti, waigizaji wanacheza, kicheko kinasikika pale pale. Waandishi wanasikiliza. Palipochekwa sana wiki hii, wiki ijayo wanaongeza. Ni kama mpishi anayeona watu wanalamba mchuzi, basi kesho anatia mchuzi mwingi kuliko wali.

Palipochekwa sana ni kwa J.J. Jimmie Walker hakutokea kwenye maigizo ya jukwaani. Alikuwa mchekeshaji wa vilabu, mwenye mwili mrefu mwembamba na macho ya kutumbua. Alikuwa na neno lake, "Dy-no-mite!", yaani baruti. Mwongozaji John Rich alishikilia neno hilo lisemwe kila wiki, ingawa Norman Lear mwenyewe alilitilia shaka. Nchi nzima ikalidaka. Watoto wakalisema shuleni, wakavaa fulana zake. Mchezo ulioanza kwa baba na mama ukageuka kuwa wa J.J., na wengine wakawa wa kumtengea njia.

Esther Rolle na John Amos hawakupendezwa, na walisema. Mwaka 1975 Esther alizungumza na jarida la Ebony, lililokuwa likisomwa na watu weusi Marekani kote, akalalamika waziwazi kwamba J.J. ana miaka 18, hana kazi, kusoma na kuandika shida, wala hafikiri. Watoto wadogo wanamtazama na kumpenda, na hapo wanajifunza kwamba ujinga ni jambo la kufurahisha. Alichokasirikia hasa ni kwamba ubaya huo ulikuwa ukiongezwa kidogo kidogo, mzaha juu ya mzaha, bila mtu kuamua.

Nami nilishika chaki miaka mingi, nalijua analosema. Kila darasa lina mchekeshaji wake. Akifungua mdomo chumba kizima kinalipuka, na mwalimu naye binadamu, anageukia ubao kuficha meno. Mtoto huyo anapendwa kuliko wote. Lakini ukifungua daftari lake mwisho wa muhula, kurasa ni nyeupe. Kupendwa hakukumfundisha kuzidisha wala kugawanya. Na walio nyuma yake wanaona kwamba njia ya kupendwa ndiyo hii.

Kwa haki, na upande wa pili una maneno yake. Walker alikuwa ameajiriwa achekeshe, na alichekesha. Bila yeye pengine mchezo usingefika mbali. Tena J.J. hakuumbwa mtupu: alikuwa mchoraji mwenye kipaji, na picha alizodaiwa kuchora zilikuwa kazi za Ernie Barnes, msanii mweusi wa kweli ambaye picha zake leo zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Kipaji kiliwekwa mkononi mwa kijana, kisha mdomo wake ukakifunika. Hilo ndilo lililomuuma Esther. Hakutaka J.J. aondolewe. Alitaka akuzwe.

Baba anafukuzwa

John Amos hakuwa mtu wa kuuma maneno. Aligombana na waandishi, ambao wengi hawakuwa weusi, akiwaambia kwamba familia nyeusi haiendi hivi. Baada ya msimu wa tatu, mwaka 1976, mkataba wake haukuendelezwa. Septemba mwaka huo watazamaji walielezwa kwamba James Evans, aliyekwenda Mississippi kuanza kazi nzuri na kuandaa makazi mapya ya familia, amekufa katika ajali ya gari. Simu ya maandishi inafika nyumbani wakati wa sherehe ya kuaga. Florida anaifungua akidhani ni ya pongezi.

Baada ya hapo Florida halii. Anapokea wageni wa msiba, anagawa vyakula, anatabasamu, na watoto wanaanza kumshangaa mama yao, hata wanamkasirikia. Wageni wakishaondoka anabaki peke yake jikoni na bakuli kubwa la kioo mkononi. Anaanza kulisafisha. Ghafla analipiga chini likavunjika vipande vipande, na hapo ndipo sauti inapomtoka. Mwenye kuona sehemu ile haisahau. Ni mchezo wa kuchekesha, na pale hakuna aliyecheka.

Ukitazama kwa makini, unaona mwigizaji anaomboleza vitu viwili. Florida anamlilia mumewe. Na Esther, mtu aliyesema mwaka 1973 kwamba bila baba hafanyi, amebaki katika nyumba ile ile aliyoikataa: mama mweusi na watoto watatu, basi.

Akavumilia msimu mmoja. Waandishi wakampa Florida mchumba, Carl, mwanamume asiyeamini Mungu. Esther akapinga tena, akisema mwanamke mcha Mungu kama Florida hawezi kukurupuka hivyo na mtu wa namna hiyo, tena mumewe hata hajapoa kaburini. Wakamuoza. Mwaka 1977 akaondoka. Ikasemwa kwenye mchezo kwamba Florida na Carl wamehamia Arizona. Watoto wakabaki na jirani Willona, na akaletwa mtoto mwingine wa kuvuta watazamaji, Penny, akichezwa na msichana mdogo aitwaye Janet Jackson, ambaye dunia nzima ilikuja kumjua.

Msimu huo wa tano watazamaji walipungua sana. Nyumba ilikosa baba, sasa ikakosa na mama. Wakubwa wakamrudia Esther. Akarudi mwaka 1978 kwa masharti yake: J.J. afanywe mtu mwenye wajibu, hadithi ziwe za maana, na malipo yaongezwe. Carl akafutwa kabisa, kama hakuwahi kuwepo. Mchezo ulimalizika Agosti 1979, familia ikitoka ghetto hatimaye. J.J. anauza katuni alizochora. Mkono wake ukalipwa mwishowe.

Baada ya Florida

Wapo waliodhani amejimaliza kwa mdomo wake. Haikuwa hivyo. Mwaka huo huo wa 1979 alipata tuzo ya Emmy kwa filamu ya televisheni Summer of My German Soldier, ambamo alicheza mtumishi wa nyumbani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndiyo, mtumishi tena. Lakini ni mtumishi ambaye peke yake ndani ya nyumba ile anamuona binti wa tajiri wake kama mtu. Mwaka 1989 alikuwa Idella katika Driving Miss Daisy, filamu iliyochukua Oscar ya filamu bora, na mwaka huo huo akacheza mama wa familia katika A Raisin in the Sun ya televisheni, pamoja na Danny Glover. Mwaka 1990 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya uongozi wa haki za raia ya mwenyekiti wa NAACP, jumuiya kongwe ya kutetea watu weusi Marekani.

Ndoa yake mwenyewe ilikwisha kwa talaka katikati ya miaka ya 70, wala hakujaaliwa mtoto. Mama wa taifa zima la watoto weusi hakuzaa. Kisukari kilimsumbua, na ndicho kilichomchukua tarehe 17 Novemba 1998, akiwa na miaka 78. Alirudishwa kuzikwa Pompano Beach, kule baba yake alikolima mboga.

Ugomvi wake haukuzikwa naye. Mwaka 2024 Netflix ilitoa Good Times mpya ya katuni, na mara tu tangazo lake lilipotoka watu weusi wengi Marekani walikasirika kwa namna familia ilivyochorwa: magenge, dawa za kulevya, na mtoto mchanga anayeuza. Mwaka huo huo John Amos akafariki. Ilikuwa miaka 50 kamili tangu mchezo wa kwanza, na swali ni lile lile la kwenye Ebony: nani anaamua watoto wetu wacheke nini, na juu ya nani?

Swali hilo si la watu weusi wa Marekani peke yao. Sisi tunaoishi ugenini, Muscat, Dubai, London, Minneapolis, tunaona jinsi Mwarabu na Mwislamu wanavyotiwa kwenye filamu, na tunalalamika barazani kahawa ikipita. Tunalalamika kidogo sana juu ya vichekesho vya kwetu wenyewe vinavyozunguka kwenye simu, ambavyo baba ndani yake ni mlevi au zuzu, mama ni wa kupiga kelele, na mtumishi wa ndani ni wa kuchekwa kwa lafudhi yake. Watoto wetu wanavitazama kila siku na kuvirusha kwa wenzao. Waandishi wake hawana nia mbaya. Wanasikiliza tu palipochekwa.

Esther Rolle alikuwa ndani, analipwa vizuri, na kila sababu ya kunyamaza alikuwa nayo. Alisema pale pale kazini, akijua gharama yake.

Mwenye kutaka kuwatazamisha watoto aanze na misimu mitatu ya mwanzo, wakati James yuko hai. Kuna maneno mawili matatu ya kuruka, na mizaha mingine imepitwa na wakati. Lakini kaeni nao, msiwaachie simu mkaenda zenu. Baba akiingia mlangoni amechoka, na mkono wake umeshika mshahara wa siku moja, watazameni watoto wenu wanamtazama yeye au wanamsubiri J.J. aseme neno lake.